Rangi Aliyoleta Karimi

Jumatatu ya kwanza baada ya likizo ya Aprili, mwaka wa tisini na nne, Mwalimu Karwirwa alikaa kwenye ngazi ya nasari ya kanisa, pale Kibirichia, akikata viazi vya kuchapia. Alikata kila kiazi katikati, kisha akachonga uso wake kwa ncha ya kisu. Kimoja alikichonga nyota, kingine jani, na vile vilivyokuwa vimeanza kuoza pembeni aliviacha duara tu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba. Watoto walitokea ndani yake mmoja mmoja, pua zikitiririka, kila mmoja ameshika kitu alichopewa nyumbani.

Wakati wa likizo Karwirwa alikuwa amehudhuria kozi ya walimu wa nasari mjini Meru. Huko walifunzwa kwamba mtoto wa miaka mitatu apake rangi kabla hajashika penseli, na kwamba mzazi anayesema hana rangi hajaangalia vizuri jikoni kwake. Masizi ya sufuria yakikorogwa na uji wa ngano hutoa nyeusi. Bluu ya kufulia hutoa rangi ya mbingu. Bitiruti, machicha ya majani ya chai, udongo wa kando ya barabara, majivu, vyote ni rangi. Gunzi la mahindi likiviringishwa ni brashi, unyoya wa kuku ni brashi, na chanuo lililopoteza meno huacha mistari mizuri kuliko brashi ya duka. Karatasi hakuwa nayo, lakini kando ya nasari kamati ilikuwa inajenga darasa jipya la mawe, na mafundi walimpa mifuko ya simiti. Aliikung'uta, akaipasua, akaitandaza sakafuni.

"Leo hakuna kuandika," aliwaambia watoto. "Leo tunachafua."

Walichafua mpaka saa ya uji. Karimi, binti wa mwisho wa Naftaly, hakutaka kiazi wala gunzi. Alipenda kipande cha sponji ambacho Karwirwa alikuwa amekikata kwenye godoro kuukuu. Alikichovya, akakigonga karatasini, akakiangalia, akakigonga tena. Wenzake walipoitwa kwenye uji yeye alibaki amechuchumaa pale pale, ulimi nje, akikamua sponji kwa vidole vyote vitano. Alipoondoka kwenda nyumbani aliomba aende nayo, naye mwalimu akamruhusu.

Jumatatu iliyofuata Karimi alikuja na mkebe wa mafuta ya Kimbo, ameukumbatia kwa mikono miwili. Chini ya mkebe kulikuwa na rangi ya zambarau, nzito, yenye kung'aa kama ganda la plamu iliyoiva. Pembeni ilielekea bluu, na mkebe ukiinamishwa ilionyesha umanjano kidogo. Ilipofika karatasini ilishika. Haikukimbia kama bitiruti wala kupasuka kama masizi yanapokauka. Karwirwa aliinama kuiangalia.

"Hii mmetengeneza na nini, Karimi?"

"Ni ya mama."

"Mama alichemsha nini?"

"Hakuchemsha. Ilikuwa hapa." Karimi aligusa chini ya jicho lake la kushoto. "Nikatoa na sponji."

Karwirwa alimwambia afunike mkebe vizuri isije ikamwagika, akaenda kumpangusa pua mtoto mwingine. Lakini asubuhi nzima macho yake yalirudi kwenye karatasi ile.

Naftaly, baba yake Karimi, alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya nasari. Alikuwa na ghala la viazi na pikapu, na mgonjwa akizidiwa ni yeye aliyemfikisha hospitalini, hata kama mvua ilikuwa imekata barabara. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Mkewe, Teresia, alijulikana kama mtu wa kuanguka. Alianguka kwenye ngazi, aliangukia mlango, na ng'ombe wao mpole, ambaye watoto walimkamua kwa zamu, alimpiga teke usoni zaidi ya mara moja. Jumapili alikuwa akija kanisani na leso imevutwa mpaka kwenye nyusi, anakaa benchi la nyuma, na wanawake wanasogea kumpa nafasi bila kumgeukia.

Jumapili hiyo alikuja na leso mabegani. Uso wake ulikuwa safi. Alikaa katikati, akaimba. Baada ya ibada Nelius, mwenyekiti wa akina mama, alimshika kidevu akamgeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Mama Karimi, siku hizi unajipaka mafuta gani?"

"Si mafuta," Teresia alisema. "Ni mtoto."

Nelius aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa duka.

Alhamisi Karwirwa aliwatembelea, kisingizio chake kikiwa kurudisha mkebe. Alimkuta Teresia ameketi kwenye stuli nje ya jiko, akiambua minji. Mkono mmoja wa sweta ulikuwa umekunjwa mpaka begani. Karimi alikuwa amesimama kati ya magoti yake na sponji iliyolowa, anagongagonga mkono wa mama yake pole pole, ulimi nje. Kila alipogonga, weusi ulihama kutoka kwenye ngozi ukaingia kwenye sponji, naye akaukamulia kwenye bakuli. Ngozi iliyobaki ilikuwa laini, kama ya bibi harusi.

"Muga, Mwalimu," Teresia alimsalimu. "Vuta hicho kiti."

"Muga muno, Mama Karimi. Hii ilianza lini?"

"Ile siku alitoka kwako na sponji. Nilikuwa nimelala, akakuja kuniosha uso. Nikafikiri ananiosha tu."

"Unaumwa?"

"Akipanguza? Hapana. Ako na mkono mwepesi."

"Nauliza ile yenyewe."

Teresia alifungua ganda la minji kwa ukucha, akamwaga punje kwenye ungo. "Ile inabaki," alisema. "Ni rangi tu inatoka."

Karimi alimaliza kiwiko, akamwomba mama yake ageuke. Teresia aligeuka kwa shida, kiwiliwili kizima pamoja, kama mtu aliyebeba mzigo usioonekana. Karwirwa aliuliza kama Naftaly anajua.

"Anajua. Anasema mtoto ako na kipawa." Akafikiri kidogo. "Zamani wiki ya meza ya Bwana alikuwa anachunga asiguse uso wangu. Siku hizi hachungi mahali."

Karwirwa alirudi nasari, akachukua karatasi zote ambazo Karimi alikuwa amezipaka, akazikunja kama gazeti na kuzipeleka dispensari. Daktari pale alikuwa kijana kutoka Embu aitwaye Njoka. Alizitandaza juu ya kitanda cha wagonjwa, akawasha taa, akazisoma.

"Hii ya zambarau ilikuwa bado mpya," alisema. "Hii ya kijani ilikuwa na kama wiki. Hii ya manjano ingeisha yenyewe, mtoto aliwahi tu kuichukua." Alifika mahali ambapo Karimi alikuwa amechapa madoa manne kwa mstari, akakunja ngumi yake mwenyewe na kuiweka juu. Vifundo viliingia kwenye madoa, ila vya Njoka vilikuwa vyembamba. "Hii ni ngumi ya mtu mkubwa kuliko mimi."

"Basi andika," Karwirwa alisema. "Jaza ile fomu ya polisi."

"P3 inajazwa juu ya mtu, Mwalimu. Haijazwi juu ya mfuko wa simiti. Nenda umlete."

Karwirwa alimleta. Njoka alimwangalia Teresia kwa uangalifu, macho, mgongo, mbavu, mikono. Hakuwa mtu mvivu. Alipombonyeza ubavuni Teresia alivuta pumzi na kuishika, lakini pale penye vidole ngozi ilikuwa haina hata alama ya mbu. Njoka alinawa mikono, akampa dawa ya maumivu, akamwambia Karwirwa kwa sauti ya chini kwamba hana la kuandika.

Naibu wa chifu, alipopelekewa karatasi zilezile, alizishika juu chini. Alisema ni kazi nzuri sana kwa mtoto wa umri huo, akauliza kama anaweza kupata moja ya kuweka ofisini, pale chini ya picha ya Rais. Karwirwa alisema zimehesabiwa, jambo ambalo halikuwa kweli. Njiani kurudi alikumbuka kwamba kazi yake iko mikononi mwa kamati, na kamati iko mikononi mwa Naftaly. Alitembea polepole kuliko kawaida.

Mwezi wa Juni watoto wengine walianza kuleta mikebe. Wa kwanza alikuwa mjukuu wa Nelius, aliyekuja na kijani kizito kutoka kwa mama yake. Baadaye alikuja mtoto wa fundi wa redio, akiwa na rangi nyeusi iliyokaribia bluu. Wengine hawakusema wametoa wapi, na Karwirwa hakuwauliza tena. Aliwapa magunzi na vifuniko vya soda kama kawaida, akawafundisha kuosha vyanuo vyao kabla ya kubadilisha rangi. Darasa lilikuwa na rangi ambazo hazipo katika duka lolote Meru mjini. Wazazi walioziona dirishani walisimama kuangalia.

Akina mama waliimba Jumapili ya vijana wakiwa mbele, nyuso zao zote safi, na mgeni aliyekuja kutoka makao makuu ya kanisa alisema hajaona ushirika wenye ndoa zilizotulia namna hii. Mchungaji alitaja jambo hilo katika maombi. Wanawake ambao hawakuwahi kuona haja ya nasari walianza kuwaandikisha watoto wasiojua hata kuomba kwenda choo. Na kwa kuwa iligunduliwa kwamba mtoto akishaingia darasa la kwanza mkono wake hauchukui tena kitu, wale ambao watoto wao walikuwa wakubwa walimwazima Karimi. Walimbeba mgongoni kutoka boma moja hadi jingine, wakampa mayai ya kuchemsha na maziwa ya moto. Alifanya kazi kwa utaratibu, bila kuchoka, akakabidhiwa mkebe wake, akarudishwa kwao kabla jua halijazama. Ncha za vidole vyake zilianza kubaki na zambarau hata baada ya kuoga. Watu walidhani ni plamu.

Kamati ilikutana ndani ya darasa jipya, ambalo sasa lilikuwa na paa la mabati na lilinukia plasta mbichi. Afisa wa elimu alikuwa amekubali kuja kulifungua. Naftaly alisema ukuta wa mbele haufai kuachwa mtupu. Watoto waupake wenyewe, kuanzia sakafuni mpaka pale mikono yao itakapofika, na mwalimu amalizie juu. Wajumbe walisema ni wazo zuri.

"Ni ukuta mkubwa," Karwirwa alisema. "Rangi haitatosha."

"Itapatikana, Mwalimu," Naftaly alisema kwa upole.

Wanawake wawili waliokuwa kwenye kamati waliangalia mapaja yao. Mtunza hazina aliuliza ajenda inayofuata.

Usiku ule Karwirwa hakupata usingizi, na asubuhi alienda kwa Teresia kabla ya kufungua nasari. Teresia alikuwa na ndugu wawili Mitunguu, kule chini kwenye migomba. Walikuwa watu wakali. Miaka ya nyuma walipopata habari walipanda juu, wakamwangalia dada yao usoni, wakamwangalia shemeji yao, na hawakusema mengi. Naftaly alichinja kondoo dume akaomba msamaha mbele ya wazee, na msimu mzima wa viazi Teresia hakuanguka.

"Waite tena," Karwirwa alisema.

"Watakuja waone nini? Wataniangalia waseme nimenawiri."

"Wataona, kama Karimi ataiacha. Wiki moja tu. Wacha rangi ikae mahali ilipo mpaka Jumapili wafike."

Teresia aliangalia mlango wa ghala, ambako Naftaly alikuwa anapanga magunia na kupiga mluzi wimbo wa kanisani. "Sawa," alisema.

Nasarini Karwirwa alimketisha Karimi kando. Alimwambia kwamba wiki hii hakuna kumpanguza mama. Karimi alisikiliza huku akibonyeza sponji yake.

"Baba anasema ni kazi yangu."

"Ni kazi yako. Lakini hata mkulima anapumzisha shamba. Wacha rangi ya mama ikae kwa mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wajomba wafike."

Karimi alikubali. Alimpa mwalimu sponji amwekee, na Karwirwa akaiweka kwenye kabati, nyuma ya mikebe ya unga wa uji.

Jumapili Teresia aliingia kanisani bila leso. Jicho moja lilikuwa limefumba. Kutoka pale hadi shingoni alikuwa na rangi zote ambazo ushirika ulikuwa umeziona karatasini, moja juu ya nyingine, na mpya kabisa zilikuwa karibu nyeusi. Aliketi katikati, mahali alipozoea. Benchi lilisogea upande huu na upande ule. Mchungaji alianza wimbo kwa sauti ya juu mno, ikabidi aanze tena. Watu hawakushtuka. Walikasirika kidogo, kama watu walioletewa vyombo vichafu mezani.

Baada ya ibada hawakutawanyika. Karwirwa, aliyesimama karibu na tangi la maji akiangalia barabara inayotoka mjini, alimwona Nelius akivuka uwanja na beseni.

"Karimi," Nelius aliita. "Kuja, mtoto mzuri. Sponji yako iko wapi?"

"Mwalimu ameniwekea."

Macho yote yalimgeukia Karwirwa. Alisema kabati limefungwa na ufunguo uko nyumbani. Nelius hakubishana. Alifungua mkoba wake, akatoa sponji mpya ya kuogea, bado iko ndani ya nailoni, akaifungua kwa meno.

"Nelius, muache Mama Karimi," Karwirwa alisema. "Ndugu zake wako njiani."

Ni Naftaly aliyejibu. Alikuwa amekuja bila kusikika, Biblia kwapani. "Ndiyo maana, Mwalimu," alisema.

Walimletea Teresia kiti kutoka ofisi ya kanisa. Alikikalia. Aliinua uso, akafunga lile jicho jingine, kama mtu anayesubiri kunyolewa. Karimi alimwangalia mwalimu wake. Karwirwa alifungua mdomo, akaona wanawake walivyosimama, bega kwa bega, wengi wao ni mama wa watoto wake, na kila mmoja ana uso safi ambao angependa ubaki hivyo. Karimi aliangalia beseni, akaangalia sponji mpya, ambayo ilikuwa ya rangi ya waridi na laini sana, akanyoosha mkono.

Alianza na paji la uso. Ushirika wote ulisubiri. Wanaume walizungumza kuhusu bei ya mbolea, na mtu mmoja alimwomba mwenzake kiberiti. Naftaly alishika mkebe, akauinamisha pale mtoto alipohitaji kukamua, na rangi ilipokaribia kujaa aliwashukuru akina mama kwa umoja wao. Karimi alipofika mdomoni rangi ilikuwa nyekundu. Hiyo haikuwahi kuonekana nasarini. Nelius aliinama akaitazama, akasema itafaa maua.

Ndugu wa Teresia walifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Waliletewa chai na mukimo wa viazi na mahindi. Walimwangalia dada yao usoni kwa muda mrefu, wakamwambia hewa ya huku juu inampenda. Yeye aliwamiminia chai kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuinuka. Mmoja wao aliuliza, basi mmetuitia nini? Teresia alimwangalia mumewe, kisha akasema alikuwa amewatamani tu. Walirudi Mitunguu na gunia la viazi kila mmoja, wamebebwa na pikapu ya Naftaly mpaka stendi.

Wiki iliyofuata rangi ilikuja kwa ndoo.

Walipaka ukuta kwa siku kadhaa. Karwirwa alikata viazi vikubwa vya mbegu, akawapa watoto na makabeji yaliyopasuliwa katikati, ambayo yakichovywa na kubonyezwa huacha waridi zilizofunguka. Chini kabisa watoto walichapa viganja vyao. Juu yake kulikuwa na nyasi za kijani kilichoiva, na mto, na mlima wenye kilele kilichoachwa plasta tupu ili kiwe theluji. Maua yalikuwa mekundu. Anga la jioni lilichukua zambarau karibu yote, na pale ilipopungua asubuhi, mchana iliongezwa. Karwirwa alipanda meza akamalizia sehemu za juu kwa fagio dogo la kufagilia jikoni. Alipaka vizuri. Tone lilipochuruzika alilipangusa kwa kidole kabla halijafika kwenye mlima, na kila alipoweka kiganja ukutani alihisi joto, kama anamgusa mtoto mwenye homa. Aliwaambia mafundi. Walisema plasta mpya huwa hivyo.

Afisa wa elimu alikuja na gari la serikali. Alisimama mbele ya ukuta ule mpaka hotuba yake ikachelewa.

"Hii rangi mmeagiza Nairobi?"

"Hapana, bwana," Naftaly alisema. "Ni vitu vya nyumbani tu. Mwalimu wetu amewafunza watoto kutumia walichonacho."

Afisa alimpa Karwirwa mkono, akauliza zambarau hasa imetoka wapi. Karwirwa alitafuta kwa macho, akamwona Teresia kwenye kivuli cha darasa, amesimama wima kabisa kwa sababu hakuweza kusimama vingine. Alikuwa na gauni jipya. Ngozi yake iling'aa. Wageni waliompita walimsalimu kwa heshima, na mmoja alimwambia Naftaly kwamba amebahatika.

"Imetoka kwa yule mama," Karwirwa alisema, akamwonyesha kwa mkono wote. "Ni alama za kupigwa. Mtoto wake anazitoa na sponji."

Afisa aliangalia alipoonyeshwa. Aliona uso mzuri, uliotulia. "Basi hiyo ndiyo elimu," alisema. "Mzazi, mtoto na mwalimu." Akamwomba karani wake aandike kwamba mwalimu huyu asikae hapa peke yake na ujuzi, apelekwe kwa wenzake.

Ndiyo sababu mwezi wa Agosti Karwirwa alijikuta Manyatta, upande wa Embu, katika ukumbi uliojaa walimu wa nasari wa wilaya ya jirani. Nje kahawa ilikuwa imechanua, na harufu yake iliingia madirishani. Aliwafundisha masizi na uji wa ngano. Aliwafundisha bluu ya kufulia, majivu, machicha ya chai. Waliandika, wakacheka walipopewa makabeji wachape kama watoto. Alikuwa amekusudia kuishia hapo. Mwanamke mmoja kutoka nyuma alisema wamesikia kuna zambarau.

Karwirwa aliwaeleza. Aliwaeleza yote bila kupunguza, kwa jina la mtu na la mahali, beseni, ndugu waliorudi na viazi, mkono usioinuka. Alisema kwamba maumivu hubaki. Alisema kwamba daktari hawezi kujaza fomu, na kwamba rangi hiyo isipotoka huenda mtu akaiona, na ikitoka hakuna wa kuiona. Alipomaliza kalamu zilikuwa zimesimama. Msimamizi wa kozi alimshukuru mgeni, akatangaza chakula cha mchana.

Walitoka. Karwirwa alibaki akikusanya magunzi. Alipoinua kichwa alimwona mwalimu mmoja aliyebaki kwenye benchi, mwanamke wa makamo aitwaye Ruguru, kama kibandiko kwenye sweta yake kilivyosema. Sweta ilikuwa imefungwa vifungo vyote mpaka kidevuni, na ilikuwa siku ya joto.

"Mwalimu," Ruguru alisema, "watoto wangu wakubwa wako shule ya msingi. Hao najua haiwezekani. Lakini nina mdogo, hajamaliza miaka miwili. Anaweza kuanza?"

Karwirwa aliweka magunzi mezani. Aliona jinsi yule mwanamke alivyokuwa amekaa, upande mmoja haugusi benchi. Alifikiria kumwambia asianze. Alifikiria kumwuliza ndugu zake wako wapi, na kama ni wakali. Lakini Ruguru alikuwa amefungua daftari na alikuwa anangoja, kalamu tayari, kama mtu aliyeuliza wakati wa kupanda maharagwe.

"Mpe sponji laini acheze nayo kwanza," Karwirwa alisema. "Akishaweza kuishika bila kuitia mdomoni, anaweza."

Ruguru aliandika. "Bado anatia mdomoni," alisema.

"Basi ngoja kidogo."

"Nitangoja," Ruguru alisema. Alifunga daftari, akashika benchi la mbele kwa mikono miwili ili ainuke, akaenda kupanga foleni ya chakula pamoja na wengine.